Malisho yakivamiwa, tuanze wapi kuyarejesha? Somo kutoka nyika ya pakanga ya Marekani

Magharibi mwa Marekani kuna nyika kubwa ya malisho inayopotea kwa kasi. Mwaka 2022, watafiti wa serikali ya nchi hiyo walitoa hesabu ya miaka 20, kuanzia 2001 hadi 2020, wakaonyesha kuwa kwa wastani takriban ekari milioni 1.3 za nyika hiyo zilikuwa zikiharibika kila mwaka. Eneo hilo ni kama kisiwa cha Unguja mara 3, kwa mwaka mmoja tu.

Ardhi yenyewe haijaenda popote. Iko palepale, na ukipita kwa gari utaona bado kuna kijani mvua zikinyesha. Kilichobadilika ni kinachoota juu yake.

Tuligusia habari hii kwa dakika chache hewani, katika kipindi cha mifugo na malisho. Baadhi yenu mlitutumia ujumbe mkiuliza: kama nchi tajiri namna ile, yenye ndege na mitambo, inashindwa kurudisha malisho yake, sisi tufanyeje? Swali ni zuri, na jibu lake halitoshi katika dakika chache. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, msikilizaji, uyasome kwa nafasi yako.

Pakanga ni ndugu wa ile unayoijua

Mmea unaoipa nyika hiyo jina lake, Wamarekani huuita sejibrashi. Ni kichaka cha rangi ya kijivu, chenye majani madogo yenye harufu kali. Ukoo wake ni uleule wa pakanga, dawa chungu ambayo wazee wetu wa nyanda za juu huchemsha kwa mafua na homa. Kwa hiyo hapa tutaiita pakanga ya nyikani, au pakanga tu.

Nyika ya pakanga imeenea katika majimbo mengi ya magharibi, yakiwemo Nevada, Oregon, Idaho, Utah na Wyoming. Mvua yake ni kidogo, na maji mengi huja kama theluji ya msimu wa baridi. Pakanga huizuia theluji isipeperushwe na upepo, nayo huyeyuka taratibu na kuingia ardhini. Katikati ya vichaka huota nyasi za kudumu zinazokua kwa vishada, na kati ya kishada na kishada udongo hufunikwa na ganda jembamba lenye ukoga na viumbe wadogo hai. Ganda hilo huzuia mmomonyoko, na pia huzipa shida mbegu ngeni kupata pa kushika.

Wanyama na ndege zaidi ya aina 350 huitegemea nyika hiyo. Anayetajwa zaidi ni kwale mkubwa wa pakanga, ndege ambaye wakati wa baridi karibu chakula chake chote ni majani ya pakanga. Tangu 1965 idadi yake imeshuka kwa takriban asilimia 80. Mwaka 2015 serikali iliamua kutomweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wafugaji wengi walishusha pumzi, kwa sababu orodha hiyo ingeleta masharti mazito ya matumizi ya ardhi. Hata hivyo kila mmoja alielewa kuwa nyika ikiendelea kupungua, mjadala huo utarudi.

Mvamizi wa kwanza: nyasi laghai

Nusu ya pili ya karne ya 19, mbegu za nyasi fulani kutoka Ulaya na Asia zilifika Marekani zikiwa zimechanganyika na mbegu za nafaka. Wakulima wa ngano waliziita nyasi laghai, kwa sababu ziliota shambani mahali ambapo mtu alitarajia ngano. Kitaalamu ni Bromus tectorum.

Zilikuta mlango wazi. Miaka hiyo ng'ombe na kondoo walikuwa wameachiwa nyika bila mpangilio, nyasi za kudumu zilikuwa zimeliwa hadi shina, na lile ganda la udongo lilikuwa limekanyagwa likavunjika. Njia za reli na mifugo yenyewe vikazisambaza mbegu. Kufikia miaka ya 1930 zilikuwa zimeshaenea karibu kila sehemu zilipo leo.

Siri ya nyasi hizi ni ratiba yao. Huota wakati wa vuli, hukuza mizizi katika baridi huku mimea ya kienyeji imelala, kisha huyanywa maji ya mwanzo wa msimu kabla ya wengine kuamka. Kufikia mwanzo wa kiangazi zimeshadondosha mbegu na kukauka. Mfugaji hupata wiki chache tu za malisho mabichi. Baada ya hapo hubaki na zulia la nyasi kavu, nyembamba kama karatasi, lililojaza kila nafasi iliyokuwa wazi kati ya kichaka na kichaka.

Na hapo ndipo moto unapopata njia. Zamani moto ukiwaka uliishia kwenye nafasi zile za udongo mtupu. Sehemu nyingi za nyika kavu zilikaa miongo mingi, hata zaidi ya miaka 100, bila kuungua. Palipojaa nyasi laghai, moto unaweza kurudi kila baada ya miaka michache.

Nyasi laghai haziumii sana na moto, kwa sababu mbegu zao zimeshaanguka. Pakanga huumia vibaya, kwa kuwa ikiungua haichipui tena kutoka kwenye kisiki. Inategemea mbegu peke yake, nazo ni ndogo kama chembe za vumbi, hazidumu muda mrefu udongoni, na nyingi huanguka karibu na mama. Mama akiungua pamoja na majirani zake wote, hakuna wa kupanda upya. Kila moto unaifanya nyasi iwe nyingi zaidi, na kila nyasi inaukaribisha moto mwingine.

Mwaka 2018, moto ulioitwa Martin uliteketeza zaidi ya ekari 430,000 kaskazini mwa Nevada. Ni eneo linalozidi kidogo kisiwa chote cha Unguja. Wafugaji walipoteza ng'ombe, uzio na malisho, na viwanja ambapo kwale madume hukusanyika kucheza mbele ya majike viligeuka majivu.

Mvamizi wa pili: mti wa nyumbani uliotoka mahali pake

Huyu wa pili si mgeni. Ni mwangati wa magharibi, ndugu wa mwangati wa milima ya Kenya na Tanzania. Hapa kwetu mwangati tunaulilia kwa sababu umekatwa mno kwa nguzo na mbao. Kule Oregon, kaskazini mashariki mwa California na Idaho, ndugu yake amezidi.

Zamani uliishi zaidi kwenye miamba na vilele, mahali ambapo moto ulikuwa haufiki kwa sababu hakuna nyasi za kuubeba. Baadhi ya miti hiyo ina zaidi ya miaka 1,000. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 mambo 3 yalikutana: mifugo ilimaliza nyasi zilizokuwa zikibeba moto mdogo, serikali ikaanza kuzima kila moto, na miaka kadhaa ya hali ya hewa nzuri ikaisaidia miche kushika. Ndege wakala matunda yake na kubeba mbegu. Mti ukashuka kutoka mwambani, ukaingia kwenye pakanga.

Mwanzoni huoni tatizo. Ni miti michache, kivuli kizuri. Lakini mizizi yake hunywa maji mapema kuliko vichaka, na miaka inavyopita pakanga hufa, kisha nyasi za kudumu hufuata, mwisho hubaki udongo mtupu chini ya miti. Kwale naye huondoka mapema sana. Utafiti uliofanyika Oregon ulionyesha kwamba miti ikifunika zaidi ya asilimia 4 tu ya ardhi, viwanja vya kucheza vya kwale huwa havina ndege tena. Mti mmoja unatosha kumpa mwewe mahali pa kukaa na kuvizia.

Angalia tofauti ya wavamizi hawa wawili. Kwenye ardhi ya chini, yenye joto na ukavu, adui mkubwa ni nyasi na moto wa mara kwa mara. Kwenye ardhi ya juu, yenye ubaridi na unyevu, adui ni mti ulioongezeka kwa sababu moto ulikosekana. Nyika ni moja, lakini dawa ya upande mmoja inaweza kuwa sumu upande wa pili.

Kwa nini wasiiache ardhi ipumzike?

Wengi wenu mtauliza hivi, na mna sababu. Shinyanga, Wasukuma wana desturi ya ngitili: eneo linafungwa msimu wa mvua ili majani yakue, kisha linafunguliwa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza 1986, uliifufua desturi hiyo, na ardhi iliyokuwa jangwa ikarudi kuwa na miti na majani.

Ngitili ilifanikiwa kwa sababu uhai ulikuwa bado chini. Visiki na mizizi ya miti ya miombo na migunga ilikuwa hai ikisubiri kuachwa. Ukiiondolea mifugo kwa muda, inachipua.

Kwenye nyika ya pakanga iliyoungua mara mbili au tatu, chini hakuna kisiki hai. Kilichopo ni akiba ya mbegu za nyasi laghai. Ukiipumzisha ardhi hiyo, unampumzisha mvamizi. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo wataalamu wa huko hujiuliza kabla ya kutumia hata senti moja: chini ya udongo kuna nini kilicho hai?

Wanachofanya, na kinachofaulu

Kazi ya mwangati ndiyo yenye matokeo ya haraka, mradi ianze mapema. Mti huu ukikatwa chini ya tawi la mwisho hauchipui. Ukiwa mdogo, mtu mmoja mwenye mkasi mkubwa au msumeno husafisha eneo kubwa kwa siku, na kwa kuwa pakanga na nyasi bado zipo, nyika hujijaza yenyewe. Ukisubiri mpaka miti izibe, gharama hupanda, na ukikata unaacha udongo mtupu ambao nyasi laghai huudaka. Miti ya kale, ile yenye gome lenye mifereji na kichwa cha mviringo, haikatwi. Tangu 2010, mpango wa wizara ya kilimo ya Marekani umekuwa ukilipa sehemu ya gharama kwa wafugaji wanaokata miangati kwenye ardhi yao, na kwale majike wameonekana wakirudi kutaga mahali palipokatwa.

Maji nayo yamepimwa. Huko Camp Creek, Oregon, watafiti walifuatilia mabonde mawili ya jirani kwa zaidi ya miaka 10, kisha wakakata miangati katika bonde moja na kuliacha la pili. Chemchemi ya bonde lililokatwa ilianza kutoa maji mengi zaidi.

Kazi ya nyasi laghai ni ngumu kuliko hiyo. Njia moja ni dawa inayopigwa msimu wa vuli, inayozuia mbegu kuota bila kuua mimea ya kudumu yenye mizizi mirefu. Shida ni kwamba dawa hiyohiyo inaweza kuzuia mbegu nzuri unazotaka kupanda. Watafiti wamejaribu kuzifunga mbegu nzuri ndani ya vidonge vyenye unga wa mkaa maalumu, ambao huinyonya dawa kabla haijazifikia.

Njia ya pili ni kupanda. Baada ya moto mkubwa, mbegu za pakanga humwagwa kwa ndege, lakini mara nyingi zinazoota ni chache, hasa mwaka ukiwa mkavu. Ndiyo maana miche pia huoteshwa kwenye vitalu, vingine vikiwa ndani ya magereza ambako wafungwa hujifunza kazi hiyo, kisha hupandwa mmoja mmoja kwa mkono. Mahali pengine hupandwa kwanza nyasi ya kudumu kutoka Asia, ambayo hushika haraka na kuibana nyasi laghai, ingawa nayo ikishika sana huwanyima wenyeji nafasi.

Njia ya tatu ni kukata njia za kuzuia moto. Mwaka 2020, idara inayosimamia ardhi ya umma ilipitisha mpango unaoruhusu hadi maili 11,000 za njia hizo, takriban kilomita 17,700.

Wasipokubaliana

Msikilizaji, usidhani kule wote ni kitu kimoja. Baadhi ya watetezi wa mazingira wanasema chanzo cha yote ni ng'ombe, na kuwaacha ng'ombe huku unapambana na nyasi ni kuchota maji kwa pakacha. Wafugaji wanajibu kuwa ng'ombe akiingizwa kwa wakati maalumu, nyasi zikiwa changa au wakati mimea ya kudumu imelala, hupunguza mafuta ya moto. Pande zote zina ushahidi, kwa sababu muda na idadi ndivyo vinavyoamua kama ng'ombe ataponya au ataua.

Ukataji miti nao una wanaoupinga. Sehemu za Nevada na Utah, mwangati huota pamoja na msonobari ambao mbegu zake ni chakula cha jadi cha Washoshone na Wapaiute. Kwao, kuiita miti hiyo kichaka cha kusafishwa si jambo dogo.

Anzia palipo pazima

Baada ya miaka mingi ya kukimbilia mahali palipoungua vibaya zaidi, mpango wa 2022 uligeuza utaratibu. Ramani ilichorwa ya nyika yote, ikigawanywa katika maeneo yaliyo mazima, yanayoweza kupona, na yaliyoharibika. Yaliyo mazima kabisa yalikuwa takriban ekari milioni 33, karibu asilimia 14 tu ya eneo lililopimwa. Ushauri ukawa: linda hayo kwanza, ng'oa kila mvamizi anayechungulia ndani yake, kisha sogea nje hatua kwa hatua kwenye kingo zinazoweza kupona. Yaliyokufa yashughulikiwe zaidi ili yasiwashe mengine.

Ni ushauri mgumu kuukubali. Mtu mwenye shamba lililokufa huona ametelekezwa, naye ana haki ya kulalamika. Lakini fedha na mikono haitoshi kila mahali, na ekari moja nzima huokolewa kwa gharama ndogo kuliko ya kufufua ekari iliyokufa.

Sisi tuchukue lipi?

Kwanza, usiige dawa ya jirani kabla ya kuujua mmea wako. Mathenge, uliopandwa Baringo miaka ya mwanzo ya 1980 ili kupata kuni na kuzuia mmomonyoko, ukageuka balaa la malisho, hautendi kama mwangati wa Oregon. Ukiukata juu ya ardhi unachipua kwa hasira zaidi. Sharti uukate chini ya usawa wa udongo, kisha upande majani ya kujaza pengo, la sivyo umeulimia.

Pili, usiuite mmea adui kabla ya kuuliza uko wapi. Kuna nyasi ya Afrika, Cenchrus ciliaris, ambayo hapa kwetu hupandwa kufufua malisho yaliyochoka, Baringo ikiwemo. Ilipopelekwa Marekani kwa ajili ya ng'ombe, ikavamia jangwa la Arizona, na sasa inabeba moto hadi kwenye mikakati mikubwa isiyozoea kuungua. Tunachokiita mkombozi, wao wanakiita janga, na wote tunasema kweli.

Tatu, tembea malishoni kwako kabla ya mvua zijazo na ujiulize haya. Je, sehemu ipi bado ina majani ya kudumu? Je, kuna mmea mgeni mchache unaoweza kung'olewa kwa mkono mwaka huu? Ukichimba kidogo mahali palipo uchi, unakuta visiki na mizizi hai, au udongo mtupu? Palipo na mizizi hai, kufunga eneo kunaweza kutosha. Palipo mtupu, utahitaji mbegu, na mbegu huhitaji mvua na ulinzi dhidi ya mifugo.

Kama umeona mmea usioujua, usiusambaze kwa kuukata na kuuburuta. Upige picha, umwonyeshe afisa mifugo au afisa kilimo wa kata yako, kisha utuandikie umeambiwa nini. Tutauliza zaidi kwa niaba yako na kuyasoma majibu hewani, ili na mwenzako wa kijiji cha pili ajue mapema.